Futi tatu kwa saba: kwa nini mlango hauingii, na la kufanya kabla ya kushika msumeno

Mlango ukikataa kuingia kwenye nafasi yake, lawama humwangukia seremala, na seremala naye humaliza shauri kwa randa. Mara nyingi kosa si lake. Lilifanyika miezi mingi nyuma, siku mwashi alipoacha uwazi ukutani, au siku fundi marumaru alipoinua sakafu, au siku mwenye nyumba alipopiga simu dukani akasema "nataka futi tatu kwa saba" bila kusema futi tatu za nini. Ndiyo maana kukata mlango kabla ya kujua kosa liko wapi ni kuharibu kitu kizima ili kuficha kilichoharibika. Tulifungue jambo hili polepole, maana pesa inayopotea hapa si ndogo, hasa kama mlango ni wa mninga.

Pale mlangoni kuna vipimo vitatu. Kuna uwazi wa ukuta, yaani tundu lililoachwa kati ya tofali na tofali. Kuna fremu, inayopimwa nje kwa nje. Halafu kuna mlango wenyewe, ule unaofunguka na kufungwa. Vyote vitatu huitwa kwa jina moja la "futi tatu kwa saba", na kila fundi anaposikia maneno hayo huelewa kile anachokishughulikia yeye. Mwashi anaelewa tundu. Seremala wa fremu anaelewa fremu. Muuza milango anaelewa mlango. Wote watatu wakifuata agizo kwa uaminifu kabisa, mlango hautaingia kamwe.

Tupige hesabu. Chukua uwazi wa ukuta wenye upana wa milimita 900. Fremu inahitaji nafasi ya kupumua kidogo ili fundi aweze kuinyoosha kwa kabari, tuseme milimita 10 kila upande. Fremu basi ina 880 nje kwa nje. Mbao ya inchi 2 ikishapigwa randa hubaki na unene wa kama milimita 45, na ndani yake huchongwa mkato wa milimita 12 hivi ambamo mlango hulala ukifungwa. Kwa hiyo kila mwimo, yaani mbao ya wima ya fremu, unakula milimita 33 za upana. Toa 33 mara mbili, unabaki na 814 kati ya mkato na mkato. Mlango nao unataka mwanya wa milimita 3 kila upande ili usisugue. Mlango unaoingia hapo una upana wa milimita 808, si 900. Mtu anayetaka mlango wenyewe uwe na 900 kamili anapaswa kumwambia mwashi aache uwazi wa karibu mita moja. Hesabu hii ya dakika mbili ingeokoa ugomvi mwingi saiti.

Ongeza hapo mchanganyiko wa vipimo. Michoro huandikwa kwa milimita, mafundi wengi huongea futi na inchi, na wote huchukulia kwamba 900 kwa 2100 na futi 3 kwa 7 ni kitu kimoja. Futi 3 ni milimita 914, na futi 7 ni milimita 2134. Kwenye upana tofauti ni milimita 14, kwenye urefu ni 34. Milimita 14 ni zaidi ya mianya yote miwili ya mlango ikijumlishwa, na 34 ni unene wa mlango mwembamba. Nyumba ambayo uwazi wake umeachwa kwa futi na fremu zake zimeagizwa kwa milimita, au kinyume chake, tayari ina kosa kabla mtu yeyote hajakosea.

Lakini chanzo kikubwa kuliko vyote, kwa ninavyoona, ni sakafu. Mwashi anapandisha ukuta akiwa amesimama juu ya jamvi, yaani zege tupu la chini. Anapima futi 7 kutoka hapo, anaweka lenta, yaani boriti ya zege inayobeba ukuta juu ya uwazi, anaendelea. Mwaka mmoja au miwili baadaye, pesa ikipatikana, inakuja sakafu ya kusawazishia ya milimita 40 hadi 50, kisha gundi na marumaru ambazo pamoja hufika kama 15. Ile 2134 inakuwa 2074 au pungufu. Toa nafasi ya juu ya fremu, toa unene wa kizingiti cha juu, toa mwanya wa juu wa mlango na ule wa chini, unabaki na mlango wa milimita 2020 hivi. Mlango wa dukani una 2100. Hapo ndipo unaposikia "tukate tu chini kidogo", na hicho kidogo ni sentimita 8.

Kwa hiyo urefu wa mlango haupimwi kutoka jamvini. Unapimwa kutoka sakafu iliyokamilika, hata kama sakafu hiyo bado haipo. Mafundi wazuri wana njia ya kuiona kabla haijamwagwa. Wanachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, wanaujaza maji bila kuacha povu la hewa, mmoja anasimama na ncha moja sebuleni na mwenzake anatembea na ncha nyingine chumba hadi chumba. Maji yakitulia, wanatia alama ya penseli ukutani pale yaliposimama. Mwisho wa zoezi nyumba nzima ina mstari mmoja, kawaida mita moja juu ya mahali marumaru zitakapofika. Kila fremu inapimwa kutoka kwenye mstari huo kwenda chini na kwenda juu. Jamvi linaweza kuwa na mabonde na vilima, mstari wa maji hauna. Nyumba isiyo na mstari huo, milango yake ya chumbani itakuwa na vichwa vya kupanda na kushuka ukitazama kutoka korido, na kila fundi anayekuja baadaye atapima kutoka mahali pake.

Sasa tuseme mambo yameshaharibika: fremu imesimama, mlango umefika, na hauingii. Usikate kitu. Chukua tepu na karatasi. Pima upana wa ndani ya fremu, mkato hadi mkato, juu, katikati na chini. Pima urefu kwenye mwimo wa kushoto na wa kulia. Kisha pima kona hadi kona, pande zote mbili. Namba hizi za mshazari zikilingana, na miimo nayo ikilingana urefu, na upana ukilingana juu na chini, fremu iko mraba. Zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3 au 4, fremu imelala upande, na mlango ulio sahihi kabisa utaonekana mkubwa juu kona moja na mdogo kona nyingine. Tundu la 900 kwa 2100 lililo mraba lina mshazari wa milimita 2285. Namba hii inafaa kuandikwa kwenye ubao wa saiti.

Kuna kipimo kingine ambacho watu wengi hukiruka, na ndicho kinachoeleza milango "yenye pepo". Funga uzi kutoka kona ya juu kushoto ya fremu hadi ya chini kulia, na mwingine kutoka juu kulia hadi chini kushoto, yote kwenye uso mmoja wa fremu. Pale zinapokatiza katikati, nyuzi zigusane kwa shida. Zikiachana kwa kidole kizima, au mmoja ukiusukuma mwenzake, mwimo mmoja umesimama mbele na mwingine nyuma. Fremu ya namna hiyo inaweza kuwa mraba kwa tepu na bado ikasumbua: mlango utagonga mkato juu huku chini ukibaki wazi sentimita nzima, na hakuna randa itakayoponya. Timazi kwenye mwimo wa bawaba itakuambia lililobaki. Mwimo huo ukiinama kuelekea chumbani, mlango utajifungua wenyewe. Ukiinama upande mwingine, utajifunga.

Fremu ikipinda, kinachonyooshwa ni fremu. Kama haijapigwa lipu, kazi ni ya asubuhi moja: unalegeza misumari au bolti, unahamisha kabari, unakaza tena. Kama lipu imeshapigwa, itabidi uibandue kandokando, na hapo mwenye nyumba huanza kusema "ukate mlango tu". Msimamo wangu ni kwamba lipu ni saruji na mchanga, inarudishwa kwa siku moja. Mlango uliokatwa mshazari ili ufuate fremu iliyoinama hautarudi kuwa mraba, na siku fremu itakaponyooshwa utahitaji mlango mpya.

Ikiwa fremu iko sawa na mlango ni mkubwa kidogo tu, ndipo randa inapopata kazi yake halali. Mlango wa paneli una mbao mbili za wima pembeni, kwa kawaida zenye upana wa milimita 100 hivi, na mbao za kulala ambazo ndimi zake zimeingia kwenye hizo za wima. Ile ya chini ndiyo pana kuliko zote, mara nyingi kama 200. Hivyo ukihitaji kupunguza urefu, punguza chini, na milimita 20 au 30 hazitaleta madhara. Ukizidisha hapo unaanza kula ulimi unaoshikilia kona, na mlango utaanza kulegea baada ya mwaka. Upana unapunguzwa pande zote mbili sawasawa ili sura isiharibike, kama milimita 5 hadi 10 kila upande. Lakini kitasa kikiwa kimeshatobolewa, upunguze upande wa bawaba peke yake. Kitasa cha inchi 3 huingia ndani ya ubao karibu milimita 76 kutoka ukingoni. Ukiukata ukingo huo, bati la uso wa kitasa litatokeza nje, mkono utasogea karibu na fremu, na kila anayefungua mlango ataumia vidole.

Milango ya flashi, ile laini isiyo na paneli, ina siri yake. Wengi hawajui kwamba mingi ndani ni karatasi ngumu iliyokunjwa, na mbao halisi ipo kandokando tu, pengine milimita 30. Ukikata zaidi ya hapo unakuta mlango una tundu refu chini na hauna pa kushika msumari. Hilo halina maana ya kuutupa. Kile kipande ulichokikata kina ubao ule wa pembeni ndani yake: kichune ngozi za plaiwudi pande mbili, urudishe ubao ndani ya tundu kwa gundi ya mbao, ubane kwa klampu hadi kesho yake. Mlango unakuwa mzima kama ulivyotoka dukani.

Mlango ukiwa mdogo kuliko fremu, kishawishi ni kupigilia bati au kuongeza mbao upande wa kitasa. Hapo napo ni bora upande wa bawaba. Chagua ubao wa mti uleule, kwa maana mninga na paini haviendi pamoja: mninga hubadilika kidogo sana unyevu unapopanda, paini huvimba waziwazi, na mshono kati yake utaonekana msimu wa kwanza wa masika. Gundisha, ubane, upige randa hadi usawa, kisha bawaba zifungwe kwa skrubu ndefu zinazovuka kipande kipya na kuingia kwenye mbao ya zamani. Skrubu fupi zitashikilia kipande, na kipande kitashikiliwa na gundi tu, na mlango wa mninga ni mzito. Hadi kama milimita 20 njia hii ni ya heshima. Pengo likizidi hapo, rekebisha fremu, au agiza mlango mwingine na huu upeleke kwenye chumba chenye nafasi ndogo. Kuhamisha mlango kutoka chumba hadi chumba ni dawa ambayo watu huisahau, na haigharimu hata senti. Kabla ya kukata lolote, pima milango yote na fremu zote za nyumba, uziandike kwenye karatasi moja, uone kama kuna jozi zinazofaana.

Tatizo likiwa ukutani kwenyewe, mambo hubadilika uzito. Uwazi ukiwa mkubwa kuliko fremu, upana wa pengo ndio unaoamua. Chini ya milimita 25 kila upande, kabari na mchanganyiko wa saruji vinatosha. Kati ya hapo na karibu 75, watu hujaza kwa lipu nene, na lipu nene hupasuka: mlango ukibamizwa mara kadhaa, ufa unafuata fremu kuanzia juu hadi chini. Inafaa kutoboa ukuta kwa drili, kuingiza vipande vifupi vya nondo, kusuka waya, kufunga ubao na kumwaga zege la kokoto ndogo. Pengo likiwa kubwa zaidi, jenga kwa tofali lililokatwa na uliunganishe na ukuta wa zamani. Povu la kopo, lile linalovimba, ni zuri kwa mlango wa chumbani kwa kujaza mianya, ila haliwezi kuwa ndilo linaloshikilia mlango wa mbele. Mtu mwenye mtaimbo hahitaji nguvu kulishinda. Mlango wa nje ushikwe na bolti au vipande vya chuma vilivyoingia ukutani, angalau kila sentimita 60 ya mwimo, na kimoja kiwe karibu kabisa na kitasa.

Uwazi ukiwa mdogo, lipo jambo moja nalisema kwa msisitizo wote nilionao: usichonge lenta. Nondo zinazobeba mzigo wa lenta ziko chini, mara nyingi sentimita mbili na nusu tu kutoka usoni, kwa sababu chini ndiko zege linakovutwa linapobeba uzito. Fundi anayechonga sentimita tatu ili kupata urefu wa mlango anafika kwenye nondo, na akizikata amebakiza zege tupu lisiloweza kuvutwa. Nyufa hazitaonekana siku hiyo. Urefu utafutwe kwingine: kizingiti cha juu chembamba zaidi, mlango uliotengenezwa kwa kipimo chake, au sakafu kama bado haijamwagwa.

Kuchonga pembeni kunawezekana, kwa kuangalia mambo matatu. Lenta fupi inapaswa ikalie ukuta angalau milimita 150 kila upande, na kila unachochonga unakitoa hapo. Lenta inayozunguka nyumba nzima haina shida hiyo, ila nguzo ya zege iliyo pembeni ya mlango haiguswi. Pili, swichi ya taa. Kwa desturi inakaa upande wa kitasa, na bomba la waya linashuka ndani ya ukuta hapohapo karibu na fremu, basi chonga upande wa bawaba, na umeme uzimwe. Tatu, namna ya kuchonga: mstari ukatwe kwa grenda pande zote mbili za ukuta, kisha tofali litolewe kwa patasi. Nyundo kubwa inatikisa mota, yaani saruji na mchanga unaoshika tofali, hadi chini ya lenta.

Suala hili la ukuta limezidi tangu milango ya chuma kutoka China ilipoenea. Hiyo huja na fremu yake, na kipimo kilichoandikwa ni cha fremu nje kwa nje: mara nyingi 860 kwa 2050, au 960 kwa 2050. Uwazi wa futi 3 kwa 7, ukishapigwa lipu ya milimita 15 kila upande, juu na pembeni, na sakafu ikishapanda milimita 60, unabaki na kama 884 kwa 2059. Mlango wa 860 unaingia humo vizuri. Lakini mnunuzi akiingia dukani, ule wa 960 ndio unaomvutia, na anaununua. Chuma hakipigwi randa. Itabidi ukuta ufunguliwe hadi karibu 985, na hapo ndipo unapojua kama lenta yako ni fupi. Nyumba moja niliyoingia Goba, Dar es Salaam, walikuwa wamefunga fremu ya 960 kwa kuipinda miimo kwa ndani ili ipite. Komeo la juu halikufika kwenye tundu lake, wakatumia la katikati peke yake. Mlango wa bei hiyo ulikuwa umefungwa kwa kidole kimoja cha chuma.

Wajenzi wa zamani wa pwani walikwepa kisa hiki kwa mpangilio wa kazi. Kwa milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, inasimuliwa kwamba mlango ndio uliotangulia kusimamishwa na ukuta ukaufuata. Leo hatuwezi kungoja mlango ndipo tujenge, ila tunaweza kuamua aina ya mlango kabla ya lenta kumwagwa. Agizo la seremala liwe na mistari mitatu iliyotenganishwa: uwazi wa ukuta baada ya lipu, fremu nje kwa nje, mlango wenyewe. Vyote kwa milimita, pamoja na neno "kutoka juu ya marumaru" kwenye urefu. Na fikiria anayepita. Uwazi wa 900 wenye fremu ya mbao huacha njia isiyofika 800, na kiti cha magurudumu chenye upana wa 650 au 700 kinapita hapo kwa kukwaruza mikono ya anayekisukuma.

Mlango ukishaingia, angalia majira kabla ya kuugusa tena. Mbao huvimba kwa upana wake, karibu haibadiliki kabisa kwa urefu. Mlango uliobana upande wa kitasa mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha, unaweza kuwa na mwanya wa kutosha Septemba. Ukiupiga randa Aprili hadi ukimbie, Septemba utaona mwanga kupitia pembeni. Kama unabana, sugua nta au sabuni kavu na ungoje. Kama umekata popote, ukingo mpya upakwe praima au vanishi siku hiyohiyo, ikiwa ni pamoja na chini ambako hakuna anayetazama, kwa sababu ncha za mbao za wima zinaishia pale na hunyonya maji ya kudekia kila siku. Itabidi mlango ushushwe kutoka kwenye bawaba ili brashi ifike.